Vyuma vya Mbele ya Trekta: Vilikotoka na Kazi Yake

Ndugu mkulima, wakati wa kulima unapofika na trekta zikaanza kupita barabarani kuelekea mashambani, hebu tazama mbele ya rejeta. Kwenye baadhi ya trekta utaona vyuma vizito vimepangwa bega kwa bega, kila kimoja kina umbo la sanduku dogo la safari na mpini wake juu. Watu wengine hudhani ni bampa ya kukinga rejeta. Wengine hununua trekta iliyokwisha tumika, wakavikuta vyuma hivyo pembeni mwa ghala vimeota kutu, wakavipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na kupata fedha ya mboga. Na kwenye trekta nyingine, mahali pa vyuma hivyo amekaa kijana, miguu inaning'inia. Huyo kazi yake ni kuwa uzito.

Habari ya kijana huyo tutaifikia. Kwanza tujue vyuma hivi vilitoka wapi, maana nyuma yake ipo historia ya zaidi ya miaka mia moja, na baadhi ya watu walioilipia walilipa kwa roho zao.

Mitambo ya kwanza ya kulima haikuwa na shida ya wepesi. Huko Uingereza, katika miaka ya 1850, mtu mmoja aitwaye John Fowler alitumia mtambo wa mvuke kwa kulimia. Mtambo ule ulikuwa na uzito wa tani nyingi, na kama ungeingia shambani ungedidimia na kuushindilia udongo ukawa kama sakafu. Kwa hiyo ulisimama kando, ukaivuta plau kwa kamba ya chuma, plau ikawa inakwenda na kurudi. Mwaka 1858 Fowler alipata zawadi ya pauni 500 ya Royal Agricultural Society of England kwa kazi hiyo. Trekta za petroli na mafuta ya taa zilizofuata, hasa kule Marekani, nazo zilikuwa majitu. Baadhi zilifika tani 10. Jitu la namna hiyo haliinui pua, lakini mkulima mdogo hana uwezo wa kulinunua, na shamba lake halina uwezo wa kulibeba.

Ndipo akatokea Henry Ford. Mwaka 1917 kiwanda chake cha Dearborn, katika jimbo la Michigan, kilianza kutoa trekta iliyoitwa Fordson. Uzito wake ulikuwa kilo 1,200 hivi, na nguvu za farasi kama 20. Haikuwa na fremu. Injini, sanduku la gia na ekseli ya nyuma vilikazwa pamoja kwa bolti vikawa mwili mmoja, na kwa njia hiyo chuma kikapungua na bei ikapungua. Uingereza wakati huo ilikuwa vitani, meli zake za chakula zinazamishwa na nyambizi za Wajerumani, ikaagiza maelfu ya trekta hizo ili ilime nyumbani. Mwaka 1922 Ford aliteremsha bei hadi dola 395. Kufikia mwaka 1928, alipoacha kuzitengeneza kule Marekani, zilikuwa zimetoka zaidi ya 700,000. Mtu wa shamba la kawaida, ambaye kabla ya hapo alikuwa wa kutazama tu, sasa naye akawa na trekta.

Lakini Fordson ilikuwa na tabia mbaya. Plau ikinasa kwenye mzizi au kwenye jiwe, mara nyingine trekta haikuzimika wala haikusimama. Iliinua pua, ikasimama wima kwa magurudumu ya nyuma, kisha ikaanguka chali juu ya dereva. Magazeti ya kilimo ya Marekani yaliandika habari za watu waliouawa hivyo, na kelele zikawa nyingi.

Sababu yake ni hii. Injini kazi yake ni kuzungusha ekseli ya nyuma. Magurudumu yakiwa huru, yanazunguka na trekta inasonga. Sasa magurudumu yakizuiwa yasizunguke, labda yamezama kwenye tope, labda mzigo ulioko nyuma unakataa kutoka, nguvu ile ya injini haipotei. Gia zinaanza kuipanda ekseli, na badala ya magurudumu kuzunguka, mwili wa trekta ndio unaozunguka. Tangu magurudumu ya mbele yaachane na ardhi hadi trekta ifike mahali ambapo haiwezi kurudi tena, ni muda usiotimia sekunde moja. Hakuna mguu wa dereva unaowahi klachi kwa muda huo.

Ikaletwa dawa ya madigadi. Fordson zilizofuata zilifungwa madigadi marefu yaliyotokeza nyuma kabisa ya magurudumu, ili trekta ikianza kubinuka, ncha za madigadi zigonge ardhi na kuizuia isimalize safari. Yalisaidia. Ila dawa ile ilingoja trekta iinuke kwanza.

Aliyeutafuta ugonjwa wenyewe ni Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa County Down, kaskazini ya Ireland, aliyezaliwa mwaka 1884. Huyu alikuwa fundi wa magari, na mwishoni mwa mwaka 1909 alikuwa mtu wa kwanza kurusha ndege katika nchi ile. Mwaka 1917 serikali ilimpa kazi ya kuzungukia trekta zilizokuwa mashambani na kusaidia zifanye kazi vizuri zaidi. Alichokiona ni plau zenye magurudumu yake zenyewe, zinakokotwa nyuma ya trekta kama ng'ombe akokotavyo gogo. Plau ilibaki na uzito wake, trekta ikabaki na uzito wake, na hakuna aliyemsaidia mwenzake. Plau ikinasa, trekta inapambana peke yake mpaka inajipindua.

Ferguson akaona afadhali plau na trekta vifungwe viwe kitu kimoja. Kazi hiyo ilimchukua miaka mingi yeye na mafundi wake, na mwaka 1926 alipewa hataza yake muhimu. Ukitaka kuiona hataza hiyo, nenda nyuma ya trekta yoyote ya leo, utaikuta mikono mitatu. Miwili iko chini, ndiyo inayovuta na kuinua kwa nguvu ya oili. Mmoja uko juu katikati. Plau inapokutana na udongo mgumu hutaka kujipindua kuelekea mbele. Mkono wa juu unapokea nguvu hiyo na kuusukuma mwili wa trekta, na pua inakandamizwa chini. Yaani ule ugumu wa udongo uliokuwa ukiwapindua watu sasa ukawa ndio unaoishikilia trekta. Zaidi ya hayo, sehemu ya uzito wa plau ikahamia kwenye magurudumu ya nyuma, yakashika ardhi vizuri. Kwa maoni yangu, katika vyombo vyote vya shambani vya karne ya ishirini, hakuna wazo lililomsaidia mkulima mdogo kuliko hilo.

Mambo ya biashara tuyapitie haraka. Trekta yake ya kwanza ya kuuzwa ilitengenezwa na David Brown wa Uingereza kuanzia mwaka 1936. Mwezi wa Oktoba mwaka 1938 alikutana na Henry Ford kule Dearborn, wakapeana mikono bila karatasi ya mkataba, na mwaka 1939 ikatoka Ford 9N yenye mikono mitatu. Baada ya vita mapatano yale yalivunjika, ikawa kesi kubwa, na mwaka 1952 kampuni ya Ford ikalipa dola milioni 9.25 kwa mapatano. Wakati huo Ferguson alikuwa na trekta yake nyingine, TE20, ile ndogo ya kijivu, iliyotoka Coventry tangu mwaka 1946 hadi 1956 kwa idadi iliyopita 500,000. Mwaka 1953 akaungana na Massey-Harris, na tangu mwaka 1958 jina likawa Massey Ferguson. Ndiyo Massey hiyo hiyo tunayoijua sisi huku Tanzania na Kenya, ile ya 35 na ya 135.

Sasa utauliza, kama Ferguson alikwisha ponya ugonjwa, mbona vyuma vikaja tena?

Ferguson aliamini kwamba kuongeza uzito ovyo ni hasara, kwa sababu trekta nzito hula mafuta na kuushindilia udongo. Aliwaza plau ya bamba, ile yenye bamba lililopinda la kugeuza udongo. Plau hiyo ni nyepesi, na ikichongwa sawasawa hujivuta yenyewe kuingia ardhini. Lakini mashamba ya kwetu mengi yana visiki, mizizi na mawe, na wakati wa kiangazi udongo hukauka ukawa kama tofali. Hapo watu walichagua plau ya sahani, kwa kuwa sahani huviringika ikapanda juu ya kisiki na kushuka upande wa pili. Sahani nayo ina sharti lake. Haijivuti kuingia chini, inaingia kwa uzito wake. Kwa hiyo plau ya sahani hutengenezwa nzito makusudi. Trekta iliyobuniwa ibebe plau nyepesi ikajikuta inabeba chuma cha kilo mia tatu na zaidi, na chote kinaning'inia nyuma ya ekseli. Na huko Ulaya na Marekani injini zilikuwa zinaongezeka nguvu, vyombo vikazidi urefu na uzito. Katika miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilikuwa vikiuza fremu ya kufunga mbele ya trekta pamoja na vile vyuma vya umbo la sanduku, ili mtu aongeze au apunguze kadiri ya kazi.

Mfikirie mchota maji mwenye mzega begani, debe moja mbele na jingine nyuma. Bega ni ekseli ya nyuma ya trekta. Debe la mbele ni injini. Debe la nyuma ni plau iliyoinuliwa. Debe la nyuma likizidi, la mbele linapanda juu. Na si uzito tu, hata urefu una kazi yake. Debe lile lile ukilisogeza mbali zaidi na bega, litalemea zaidi.

Tupige hesabu moja, chukua kalamu. Tuseme trekta ina kilo 1,500, na kati ya hizo kilo 550 zinakaa kwenye magurudumu ya mbele. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ekseli ya mbele ni mita 1.8. Plau ya sahani tatu ina kilo 360, na katikati ya uzito wake pako mita 1.5 nyuma ya ekseli. Plau ikiinuliwa, zidisha 360 kwa 1.5, kisha gawanya kwa 1.8. Unapata kilo 300. Hizo ndizo zinazoondolewa kwenye magurudumu ya mbele, na zinabaki kilo 250. Vitabu vya maelekezo vya trekta vingi husema magurudumu ya mbele yasibaki na uzito chini ya asilimia 20 ya uzito wa trekta yenyewe, na kwa trekta hii ni kilo 300. Kwa hiyo umekwisha pungukiwa hata kabla hujaingia barabarani. Dereva atauona upungufu huo kwenye kona, akizungusha usukani na trekta ikaendelea kwenda moja kwa moja. Na ikiruka tuta au shimo, zile kilo 250 nazo hupotea kwa dakika hiyo.

Sasa funga mbele vyuma vinne vya kilo 20, jumla kilo 80, vikae sentimita 60 mbele ya ekseli ya mbele. Kwa kuwa viko mbali na bega, kilo 80 hizo zinaongeza kilo 107 kwenye magurudumu ya mbele. Sasa yana kilo 357. Vyuma ambavyo mwingine aliviuza kwa fedha ya mboga ndivyo vilivyorudisha usukani.

Hapo ndipo wakulima wengi wanapochanganya mambo mawili. Katika miaka ya 1930 trekta zilianza kuvaa matairi ya mpira badala ya magurudumu ya chuma, na kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilikuwa mbele katika jambo hilo tangu mwaka 1932. Mpira ni mwepesi, ukateleza, na watu wakagundua kwamba unaweza kutia maji ndani ya tairi la nyuma, kiasi cha robo tatu yake, ukaongeza uzito kwa gharama ya ndoo. Njia hiyo ni nzuri kwa kuzuia matairi yasizunguke bure. Lakini maji hayo yako kwenye ekseli ya nyuma, yaani begani penyewe. Mchota maji ukimpiga kofi la bega, debe la mbele halishuki. Anayejaza maji matairi ya nyuma akidhani amezuia pua isiinuke, amejidanganya.

Baadaye historia ilizunguka ikarudi ilikoanzia. Huko Japani, nchi ya mashamba madogo ya mpunga, kampuni ya Kubota ilitoa trekta yake ya kwanza ya shambani mwaka 1960, na mwaka 1969 ikaanza kuuza Marekani trekta ndogo ya L200, yenye nguvu za farasi 21. Wajapani wenzao na baadaye Wahindi nao wakatoa zao. Trekta ndogo hizi ndizo wanazoweza kumudu vikundi vya wakulima na watu wa ekari chache. Tazama basi: nyingi zina uzito karibu sawa na Fordson ya mwaka 1917, au pungufu, nguvu ya injini ni ile au zaidi, na mwenye nayo anataka kuifunga haro ya Massey ya jirani, au pipa la dawa la lita 400, ambalo likijaa ni kilo 400 za maji peke yake. Hatari ya zamani imerudi na rangi mpya. Kwa trekta ndogo vyuma vya mbele si pambo, hasa zile zinazovuta kwa magurudumu yote manne, maana gurudumu la mbele lisilogusa ardhi vizuri halivuti kitu. Hata pawatila, zile trekta za mkono zilizoingia kwa wingi Tanzania baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, nyingi zimefungwa chuma mbele ya injini kwa sababu ile ile.

Asiye na vyuma vya kiwandani anaweza kutengeneza. Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Kasha la urefu wa sentimita 50, kimo 40 na unene 20, likijazwa zege lenye nondo, linatoa kama kilo 96. Fundi wa kuchomelea atengeneze kishikio cha chuma kinachofungwa kwa bolti kwenye yale matundu ya mbele ya trekta yaliyowekwa na kiwanda. Usifunge kwa waya wala kwa kamba, maana uzito wa kilo 96 ukichomoka na kuingia chini ya gurudumu la mbele, trekta inapinduka kwa ubavu. Usizibe njia ya hewa ya rejeta. Na kabla ya yote soma kitabu cha trekta uone ekseli ya mbele inaruhusiwa kubeba kilo ngapi, kwa kuwa ekseli ya trekta ndogo nayo ni ndogo.

Kijana yule wa mbele, je? Ana kilo 60 hivi. Kwa mzani, anafaa kama vyuma vitatu. Lakini chuma hakisinzii, wala hakirushwi trekta inapoingia shimoni. Yeye akirushwa anaangukia mbele ya gurudumu, na dereva aliyeko nyuma ya boneti hawezi kumwona. Kama hakuna chuma, kafunge plau iliyo ndogo zaidi, au punguza sahani moja kama plau yako inaruhusu.

Lipo jambo ambalo vyuma haviwezi, na wapo waliokufa vyuma vikiwa vimefungwa. Mtu anataka kung'oa kisiki. Anachukua mnyororo, na badala ya kuufunga kwenye upau wa kukokotea ulio chini, anaufunga juu, kwenye ekseli au pale unaposhikwa mkono wa juu, kwa kuwa anaona kisiki kitanyanyuka vizuri. Hapo hafanyi kazi ya Ferguson tena, amerudi kwenye Fordson. Mvutano ukipita juu ya ekseli unaivuta trekta ianguke chali, na kisiki hakisogei. Kilo 80 mbele zitachelewesha tu, na kuchelewesha kwenyewe ni sehemu ya sekunde. Sweden ilipoona vifo vya namna hii vinazidi, mwaka 1959 ilianza kulazimisha trekta mpya ziwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, na vifo vilipungua sana. Nchi nyingine zikafuata. Fremu ile iliyosimama nyuma ya kiti cha trekta yako ndiyo hiyo. Wapo wanaoikata kwa sababu inagonga matawi ya miembe, au ili wauze bomba lake.

Wenye trekta zilizofungwa koleo la mbele la kupakia mchanga na samadi, hesabu yao ni kinyume. Kwao mzigo uko mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoinuka. Wao waondoe vyuma vya mbele na kufunga uzito nyuma, kwenye ile mikono mitatu. Na wewe wa plau, msimu wa kulima ukiisha na trekta ikabaki na kazi ya kuvuta tela, vitoe vyuma. Vikibaki vinachosha beringi na viungo vya usukani, na mafuta unayachoma kwa kuvitembeza bure. Vipake oili iliyotumika, vipange juu ya ubao visiguse sakafu yenye unyevu, na bolti zake uzirudishe kwenye matundu yake zisipotee.